Mkeka, Duara na Hesabu ya Bahati

Leo nataka tuzungumze habari ya bahati. Nitaanzia mbali, Marekani, kwenye mchezo ambao wengi wetu hatujawahi kuuona ukichezwa: besiboli.

Mchezo wenyewe kwa ufupi ni huu. Mrushaji anarusha mpira mdogo kwa kasi kubwa, na mpigaji aliyeshika gongo la mti anajaribu kuupiga uende mbali, ili akimbie kutoka kituo hadi kituo. Ligi yao kuu ina timu 30, na kila timu inacheza mechi 162 katika msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba. Maana yake ni kwamba karibu kila usiku kuna mpira. Kwa sababu hiyo watu wakabuni mchezo juu ya mchezo. Unapewa, tuseme, dola 50,000 za kufikirika, kila mchezaji wa ligi anapangiwa bei, nawe unaunda kikosi chako bila kuvuka bajeti hiyo. Usiku wachezaji halisi wakiingia uwanjani, kila wanachofanya kinakuletea pointi. Kesho yake kikosi kile kimekwisha kazi, unaanza upya. Kiingilio ni fedha halisi, washindi wanagawana kilichokusanywa, na kampuni inakata fungu lake kabla ya mtu yeyote kulipwa. Kampuni mbili kubwa za mchezo huo ni FanDuel, iliyoanza mwaka 2009, na DraftKings ya Boston, iliyoanza mwaka 2012. Huo ndio unaoitwa fantasi ya kila siku.

Utaniuliza, yanatuhusu nini sisi tulioko huku kanda ya Ziwa? Yanatuhusu sana, kwa sababu hakuna mchezo unaoianika bahati hadharani kama besiboli. Mpigaji hodari kabisa, anayelipwa mamilioni ya dola, anafanikiwa kupiga mara tatu tu katika kila mara kumi. Mara saba anatoka mikono mitupu. Mpigaji wa kawaida anafanikiwa mara mbili na nusu. Tofauti ya nyota na mtu wa kawaida, basi, ni pigo moja katika kila nafasi 20. Na kwa usiku mmoja mpigaji anapata nafasi nne au tano tu. Kaa umtazame usiku kucha, huwezi kujua kama unamtazama nyota au mtu wa kawaida aliyeamka vizuri. Itakuchukua miezi, tena ukiwa na daftari.

Mwenye duara, yaani shimo la kuchimba dhahabu, hahitaji kuelezwa habari hii mara mbili. Anamfahamu fundi aliyefuata mkanda kwa miezi, akafunga matimba kwa ustadi, akalisha vijana wake kwa mkopo, na mwisho akatoa mawe yasiyo na kitu. Anamfahamu pia mgeni aliyefika juzi, akachimba hatua chache tu kutoka hapo, duara likatema dhahabu. Hakuna mchimbaji mzoefu atakayekuambia kwamba yule mgeni ni fundi kuliko yule wa kwanza. Wanajua kutenganisha kazi nzuri na matokeo mazuri. Ila nashangaa, na ndiyo sababu ya mazungumzo haya, jinsi mtu huyo huyo mwenye busara hiyo ya duarani anavyoiacha huko huko jioni inapofika. Anafika Katoro sokoni, anaoneshwa kwenye simu mkeka, yaani tiketi ya kubeti mechi kadhaa kwa pamoja, wa elfu moja uliolipa laki nane, na papo hapo anasema: huyu jamaa anajua mpira.

Tuuangalie mpira wetu wenyewe. Msimu wa 2021/22 Geita Gold ndiyo kwanza ilikuwa imepanda Ligi Kuu. Mshambuliaji wake George Mpole alifunga mabao 17 akawa mfungaji bora wa ligi, bao moja mbele ya Fiston Mayele wa Yanga. Timu ikamaliza nafasi ya nne na kukata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Hakuna aliyeyatabiri hayo Agosti, na kila mtu aliyaeleza Juni kana kwamba aliyajua. Haukupita muda Mpole akaenda kucheza Kongo, Lubumbashi, na msimu wa 2023/24 ulipokwisha Geita Gold ikashuka daraja. Hapa Shinyanga tuliishi hadithi kama hiyo na Stand United, Chama la Wana, timu iliyozaliwa na vijana wa stendi ya mabasi, iliyoingia Ligi Kuu msimu wa 2014/15 na kushuka msimu wa 2018/19. Mwadui nao wakashuka mwaka 2021. Aliyeweka fedha zake kwa jina la timu au kwa kumbukumbu ya msimu uliopita alilia. Wachezaji wa fantasi ya besiboli wana kanuni moja wanayoirudia: lipia atakachofanya mchezaji kesho, usilipie alichofanya jana. Bei ya jana tayari imeshapandishwa na wote waliomwona.

Na kuna mapenzi. Odi ya Simba na ya Yanga, yaani kiwango cha malipo ukishinda, inaweza kuwa ndogo kuliko inavyostahili, kwa kuwa nusu ya nchi inaweka fedha zake upande huo kwa moyo. Shabiki ana haki ya kuipenda timu yake hadi kaburini. Lakini mapenzi hayo yakishafika kwenye mkeka, mwenye kampuni ndiye anayeyavuna.

Sasa niingie kwenye hesabu, maana hapa ndipo fedha zinapopotelea, na naomba kama uko na kalamu uishike. Chukua mechi moja. Timu ya nyumbani imepewa odi ya 1.80, sare 3.40, ugenini 4.20. Gawanya 100 kwa kila moja. Mia kwa 1.80 unapata 55.6. Mia kwa 3.40 ni 29.4. Mia kwa 4.20 ni 23.8. Jumlisha: 108.8. Kama kampuni isingekata kitu, jumla ingekuwa mia kamili, kwa sababu mechi ina matokeo matatu tu na lazima moja litokee. Hiyo 8.8 iliyozidi, katika kila 108.8 zinazowekwa, ndiyo fungu la kampuni, nalo limeshakatwa kabla refa hajapuliza filimbi.

Sasa angalia. Ukiweka shilingi 1,000 kwenye mechi moja ya namna hiyo, kwa wastani wa muda mrefu zinarudi kama 919. Unapoteza, lakini taratibu. Ukiunganisha mechi tano kwenye mkeka mmoja, makato yanarudiwa mara tano, na wastani wa kinachorudi ni kama shilingi 656. Ukifunga mechi kumi, mkeka ule ambao vijana wetu wanaupenda kwa kuwa unaahidi mamilioni, wastani unashuka hadi kama 430. Yaani zaidi ya nusu ya fedha yako imeondoka kwa hesabu tu, hata kama uchambuzi wako wa mpira ni mzuri sawa na wa kampuni. Urefu wa mkeka ndio biashara yenyewe. Ndiyo maana kampuni nyingi zinatoa bonasi kwa mkeka mrefu, na sijaona inayotoa zawadi kwa mtu anayeweka mechi moja moja.

Na jakpoti ya mechi 13? Kila mechi ina matokeo matatu. Zidisha tatu kwa tatu, mara 13, unapata njia 1,594,323. Ujuzi wako wa mpira unaweza kuzipunguza njia hizo, sikatai, lakini utabaki na mlima.

Nataka tulinganishe na kitu tunachokijua. Machi 2019 soko la dhahabu lilifunguliwa Geita mjini. Kabla ya masoko haya mchimbaji aliuza kwa dalali, kwenye mizani ya dalali, kwa bei ya dalali. Leo unaingia na dhahabu yako, inapimwa mbele ya macho yako, bei ya siku inajulikana, na makato yana jina: mrabaha, uliowekwa asilimia 6 kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017, na ada ya ukaguzi, iliyowekwa asilimia 1 mwaka huo huo. Tunaweza kulalamikia makato hayo, na tumeyalalamikia, lakini tunayajua. Kwenye mkeka makato hayaandikwi popote. Yamo ndani ya odi, na asiyejua kugawa mia kwa odi hatayaona maisha yake yote. Kijana ambaye angegombana na mwenye mizani kwa pointi moja ya gramu anakatwa kama shilingi nane katika kila mia bila kunung'unika.

Au tumtazame mwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Mnaleta mifuko ya mawe, mnasaga, mnaosha kwenye mwalo, mnakamata kwa zebaki mnachokamata. Mnalipia kusaga, na marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, yanabaki pale pale kwake. Wote tunajua kwamba zebaki haikamati dhahabu yote, na kwamba marudio yale yakipelekwa kwenye mtambo wa sayanaidi yanatoa dhahabu nyingine nzuri tu. Kwa hiyo mwenye karasha anapata mkitoa, na anapata msipotoa. Simlaumu, amenunua mashine na dizeli. Ninachosema ni kwamba mchimbaji yeyote mwenye akili, akipata nafasi, anatamani siku moja amiliki karasha. Kwa nini basi kwenye kubeti tunakimbilia kuwa wenye mawe na hatuulizi karasha ni la nani?

Wamarekani waliuliza. Mwaka 2015 kampuni ya washauri ya McKinsey iliangalia nusu ya kwanza ya msimu wa besiboli na kuhesabu faida ya wachezaji wa fantasi ya kila siku ilikwenda kwa nani. Asilimia 91 ya faida yote ilichukuliwa na asilimia 1.3 ya wachezaji. Rudia nami polepole: katika watu elfu moja, watu 13 walibeba karibu faida yote. Hao 13 hawakuwa na pua ya kunusa ushindi. Walikuwa wanahesabu kwa kompyuta, wanaingiza vikosi vingi kwa usiku mmoja, wanafuatilia upepo na mvua ya kila uwanja. Wanajua, kwa mfano, kwamba uwanja wa Denver uko juu kiasi cha mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira unaruka mbali zaidi. Waliobaki walikuwa wanalipia burudani yao wakidhani wanafanya kazi. Mwaka huo huo mfanyakazi wa DraftKings alishinda dola 350,000 kwenye mchezo wa kampuni pinzani, ikazuka kelele kubwa, na Novemba mwanasheria mkuu wa jimbo la New York akaziamuru kampuni zote mbili ziache kupokea fedha za wakazi wa jimbo lake. Baadaye sheria ilitungwa zikarudi. Lakini zile namba za wachezaji 13 katika elfu moja hakuna aliyezifuta.

Sasa niseme jambo zito, na naomba unisikilize kwa utulivu. Kanda yetu hii imelipa kwa damu imani kwamba bahati ni kitu cha kununua. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 watu wenye ualbino walianza kuuawa na kukatwa viungo katika mikoa ya Ziwa, kwa kuwa kulikuwa na waganga waliowadanganya watafuta utajiri, wakiwamo wachimbaji na wavuvi, kwamba viungo vya binadamu mwenzao vinavuta dhahabu na samaki. Watoto walikimbizwa kutoka kwa wazazi wao wakahifadhiwa kituo cha Buhangija, hapa hapa Shinyanga. Januari 2015 serikali ikapiga marufuku wapiga ramli. Siwezi kuuweka ukatili ule kwenye mizani moja na mchezo wowote. Ila mzizi wake naujua, nao ni kushindwa kukubali kwamba duara la jirani limetema bila sababu inayoweza kuuzwa. Mtu akishaamini kwamba nyuma ya kila bahati kuna siri, atatokea muuza siri.

Na kwenye mikeka wauza siri wapo. Wanaingia kwenye makundi ya simu, wanasema wana mechi za fiksi, matokeo yamepangwa, lipa elfu 20 upewe. Nieleze jinsi wanavyoaminika, maana si uchawi. Jamaa ana namba za simu 1,024. Wiki ya kwanza anawaambia bure watu 512 kwamba timu fulani itashinda, na wengine 512 kwamba haitashinda. Nusu watakuta alisema kweli. Waliokuta uongo anawaacha. Wiki ya pili anawagawa wale 512 tena, wanabaki 256 waliopatiwa ukweli mara mbili. Kisha 128, kisha 64, na wiki ya tano wanabaki watu 32 ambao kwa macho yao wameona mtu akitabiri sawasawa mara tano mfululizo. Hao 32 wako tayari kuuza hata baiskeli wampelekee fedha. Yeye hajui chochote kuhusu mpira. Kijana wangu, ukiwa mmoja wa hao 32, utawaona wale wengine 992 wapi?

Kuna mchezo wa fantasi ambao huku umeshaingia na ambao mimi nauunga mkono bila kusita: fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza. Ulianza msimu wa 2002/03, na kujiunga ni bure. Unapewa milioni 100 za kufikirika, unachagua wachezaji 15, wasizidi watatu kutoka timu moja, unapanga 11 na kumteua nahodha ambaye pointi zake zinazidishwa mara mbili. Beki akifunga unapata pointi sita, mshambuliaji akifunga nne. Kila wiki unaruhusiwa kubadilisha mchezaji mmoja bure, na ukizidisha kiasi ulicho nacho unakatwa pointi nne kwa kila mmoja. Kanuni hiyo ya pointi nne ni mwalimu mkali. Mtu wa papara, anayemfukuza mchezaji kwa sababu jana alikosa bao, ifikapo Desemba ameshajikata pointi nyingi kwa mikono yake, na jirani yake aliyetulia anampita akiwa hajafanya kitu.

Dirisha linafungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza. Kwa sisi, Jumamosi ambayo mechi ya mapema inaanza saa sita na nusu mchana wa Uingereza, mwisho wetu ni saa saba mchana. Wakirudisha saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba, mwisho unakuwa saa nane. Naijua saa hiyo inavyoheshimiwa, hata mafundi gereji na vinyozi wa Kahama wanasimama kidogo. Na sioni ubaya wowote. Vijana kumi wa mtaa mmoja wakiunda ligi yao ndogo, anayeshika mkia akawanunulia wenzake soda mwezi Mei, wamejifunza bajeti, subira, kutunza kumbukumbu na kukubali kushindwa, bila mtoto wa mtu kukosa daftari la shule.

Ila katika kuipendelea fantasi hiyo kuna suala la kasi ambalo silifichi. Fantasi ya Uingereza inakupa jibu mara moja kwa wiki. Fantasi ya besiboli inakupa kila usiku. Mkeka unaweza kukupa kila baada ya saa mbili. Mashine za bonanza, ambazo wengine wanaziita dubwi, zinakupa kila sarafu. Na kindege, mchezo wa kubeti wa kwenye simu, kinapaa na kupotea ndani ya sekunde. Kadiri jibu linavyokuja haraka ndivyo makato yanavyorudiwa mara nyingi zaidi kwa saa, na ndivyo mtu anavyokosa muda wa kujiuliza anafanya nini. Kwenye besiboli bado kuna mambo ya kujua: mrushaji gani amechoka, upepo unavuma wapi. Kwenye kindege hakuna cha kujua. Anayekuambia amekisoma kindege anakudanganya au amejidanganya.

Hata wale wanaoishi kwa fantasi ya besiboli huambizana kwamba usiweke zaidi ya sehemu ya kumi ya mtaji wako kwa usiku mmoja, kwa sababu wanajua usiku mbaya utakuja, na baada yake utakuja mwingine. Wanajua pia hatari ya mambo yanayoanguka pamoja. Mtu akiwachukua wapigaji wanne wa timu moja wanaofuatana, mrushaji wa upinzani akiharibu, wote wanne wanavuna; akiwa moto, wote wanne wanarudi na sifuri. Anafanya hivyo akijua. Sisi tunafanya bila kujua. Familia ya mchimbaji mara nyingi duara lake liko Nyarugusu, kibanda cha mke kinauza kwa wachimbaji wa hapo hapo, mkopo wa kikoba unategemea wateja hao hao. Masika ikijaza maji maduara, vyote vinasimama wiki moja. Nyumba hiyo tayari imebeti maisha yake kwenye mkanda mmoja. Haina nafasi ya mkeka juu yake.

Na fedha yenyewe inatoka wapi? Mwaka 2015, Nyangalata wilayani Kahama, duara liliporomoka, na watu watano wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Siku 41, gizani. Mtu anayeshuka kila asubuhi mahali ambapo jambo kama hilo linaweza kutokea, kila shilingi yake ina uzito ambao aliyekaa ofisini kutengeneza odi hawezi kuupima. Ndiyo sababu inaniuma kuona ujira wa wiki ukiishia kwenye kibanda cha kubeti kabla haujafika nyumbani.

Biashara hii ya kubeti haikudondoka kutoka mbinguni. Ilikuwepo kidogo, kisha ikapaa. Mei 2017 SportPesa iliingia nchini ikazidhamini Simba na Yanga, na Julai Everton ikaja Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia, Wayne Rooney akafunga, nchi nzima ikatazama. Klabu zetu zilipata fedha zilizokuwa zikizihitaji, na hilo lazima lisemwe. Majirani walishituka mapema. Uganda, Januari 2019, Rais Museveni aliagiza leseni mpya zisitolewe. Kenya, Julai mwaka huo huo, ilizizuia kampuni 27 hadi zilipe kodi. Sisi tuna Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na Bodi inayoisimamia, na sheria inakataza aliye chini ya miaka 18. Katazo hilo lipo. Kwenye vibanda vya bonanza vilivyo njiani watoto wanapopita kutoka shule, nani analisimamia jioni?

Kwa hiyo naomba mambo machache. Wenyeviti wa mitaa na vijiji, mnaviona vibanda hivyo kila siku. Andikeni barua halmashauri, mashine zilizo karibu na shule ziondolewe. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, zilazimisheni kampuni zichapishe makato kwenye kila mkeka kwa Kiswahili, kama mrabaha unavyojulikana sokoni Geita. Wenye maduara na wenye makarasha, mnaolipa vijana jioni, mkiweza lipeni sehemu ya ujira kwa simu ya nyumbani kama kijana mwenyewe ameridhia. Na akina mama wa Rwamgasa na Nyarugusu mnaoponda mawe juani, msikubali kuambiwa kwamba daftari la matumizi ya nyumba ni dharau kwa mume.

Na wewe unayebeti, sikukatazi, maisha yako ni yako. Nunua daftari. Andika kila ulichoweka na kila kilichorudi, pamoja na mikeka iliyochanika, kwa miezi mitatu, bila kuruka siku. Usiandike ulichokaribia kushinda. Wiki ijayo saa hii hii tutapokea simu zenu. Kabla ya siku hiyo, toa mkeka wako wa mwisho, chagua mechi moja, gawa mia kwa kila odi ya matokeo yake matatu, jumlisha, kisha utupigie utuambie unakatwa kiasi gani.